Scotland Kati ya Miungano Miwili

Juni 5, 1975, Uingereza ilipiga kura ya maoni ya kwanza ya nchi nzima katika historia yake. Wananchi waliulizwa iwapo nchi yao ibaki katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, ambayo ilikuwa imejiunga nayo miaka miwili tu kabla. Asilimia 67.2 walisema ndiyo. Katika maeneo yote ya kuhesabia kura, mawili pekee yalikataa, na yote mawili yalikuwa ya Scotland: visiwa vya Shetland, na Visiwa vya Magharibi ambako watu saba katika kila kumi waliipinga jumuiya hiyo. Scotland kwa ujumla ilikubali kwa asilimia 58.4, pointi kumi chini ya England iliyofikisha asilimia 68.7. Miaka 41 baadaye, Juni 23, 2016, swali lilelile liliulizwa tena na majibu yakapinduka. England ikataka kutoka kwa asilimia 53.4, Scotland ikataka kubaki kwa asilimia 62, na hakuna hata wilaya moja kati ya 32 za Scotland iliyounga mkono kuondoka. Nchi iliyoitilia Ulaya shaka kuliko jirani yake ikawa mtetezi wake, na jirani aliyeifungulia mlango akaubamiza.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya tabia: kwamba Waskoti ni watu wa Ulaya kwa asili, na watu wa England ni watu wa kisiwa. Maelezo hayo yanapendeza, lakini hayawezi kueleza takwimu za 1975. Hoja ya makala haya ni kwamba mapenzi ya Scotland kwa Ulaya yalizaliwa katika mapambano ya vyama vya siasa ndani ya Uingereza, na tunaweza kutaja miaka yalipozaliwa. Kwa kuwa yalizaliwa humo, yaliufaa uhuru wa Scotland pale tu Uingereza yenyewe ilipokuwa mwanachama wa Ulaya. Ndiyo maana Brexit, yaani kujitoa kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, iliwapa wapigania uhuru wa Scotland lalamiko bora kuliko yote waliyowahi kuwa nayo, na hapohapo ikawanyang'anya mpango bora waliowahi kuubuni. Humu jina Uingereza litamaanisha dola nzima yenye makao yake London. England, Scotland na Wales zitatajwa kwa majina yake.

Ili kuelewa kwa nini Ulaya iliingia katika ugomvi huu, inafaa kuanza na muungano wa kwanza. Scotland na England zilikuwa na mfalme mmoja tangu 1603, lakini ziliendelea kuwa na mabunge mawili hadi 1707, Bunge la Edinburgh lilipokubali kujifuta. Hesabu za fedha zilikuwa na uzito mkubwa katika uamuzi huo. Mwishoni mwa miaka ya 1690 Waskoti walimwaga sehemu kubwa ya akiba ya nchi yao katika mradi wa kuanzisha koloni huko Darien, kwenye shingo ya nchi ya Panama, na mradi huo ukafa kwa maradhi, njaa na uhasama wa Uhispania, huku England ikikataa kuwasaidia. Mkataba wa muungano uliwapa wenye hisa wa Darien fidia, na ukawafungulia wafanyabiashara wa Scotland soko la England pamoja na makoloni yake. Scotland ilibaki na sheria zake, mahakama zake, kanisa lake na shule zake. Tangu mwanzo, basi, haya yalikuwa mapatano: mamlaka ya Bunge yalitolewa, na soko likapatikana.

Kwa karne mbili na nusu mapatano hayo yalilipa. Glasgow ilitajirika kwa tumbaku na sukari ya mashamba ya watumwa, kisha kwa meli, chuma na injini. Waskoti walijaa katika jeshi, misheni na kampuni za dola hiyo kuliko uwiano wa idadi yao. Msomaji wa Afrika Mashariki anamjua angalau mmoja: William Mackinnon, mzaliwa wa Campbeltown, ambaye meli zake ziliunganisha Zanzibar na India, na ambaye kampuni yake ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888 kutawala eneo lililokuja kuwa Kenya. Maadamu dola hiyo ilikuwepo, hoja ya Scotland kujitenga haikuwa na wasikilizaji wengi. Chama cha Kitaifa cha Scotland, SNP, kilichoundwa 1934 kwa kuunganisha vyama viwili vidogo, kilishinda kiti chake cha kwanza bungeni Aprili 1945 katika uchaguzi mdogo wa Motherwell, kikakipoteza baada ya miezi mitatu. Mwaka 1955 Wahafidhina na washirika wao walipata zaidi ya nusu ya kura zote za Scotland. Ni jambo gumu kuaminika leo, lakini chama kilichokuja kuchukiwa kuliko vyote kaskazini ya mpaka ndicho kilichokuwa kipenzi cha wapiga kura humo.

Makoloni yalipojitawala, mmoja baada ya mwingine, soko lililokuwa upande wa pili wa mapatano ya 1707 likaanza kuyeyuka. Uingereza nzima ilijikuta ikiuliza itafanya biashara na nani, na serikali zake zikaelekea Ulaya. Rais wa Ufaransa, Charles de Gaulle, alizifungia mlango mara mbili, 1963 na 1967. Ulifunguliwa baada ya yeye kuondoka, na Edward Heath, waziri mkuu Mhafidhina, akaiingiza nchi Januari 1973. Katika miaka hiyohiyo Scotland ilianza kutafuta jibu lake. Novemba 1967 Winnie Ewing wa SNP alikishangaza chama cha Labour kwa kulitwaa jimbo la Hamilton, mojawapo ya ngome zake imara. Mwaka 1970 hifadhi kubwa ya mafuta ya Forties iligunduliwa katika Bahari ya Kaskazini, na SNP ikaanza kuhubiri kwamba mafuta hayo ni ya Scotland. Oktoba 1974 ilipata viti 11 na asilimia 30 ya kura za Scotland. Kwa hiyo maswali haya mawili, la Ulaya na la uhuru wa Scotland, ni ndugu. Yote yalitokana na kuisha kwa dola, na kila moja lilikuwa njia ya kuuliza nchi itajiegemeza wapi baada ya hapo.

Wakati huo, hata hivyo, ndugu hao hawakuelewana. SNP iliipinga Jumuiya ya Ulaya, na ilikuwa na sababu zake. Scotland ilikuwa imeingizwa bila kuulizwa, na haikuwa na kiti mezani ambako maslahi yake yalijadiliwa. Uvuvi ulitoa ushahidi: mwaka 1970, nchi sita wanachama zilikubaliana kwamba meli za kila mwanachama ziwe na haki sawa katika maji ya wenzao, na zikapatana hivyo katika saa za mwisho kabla ya mazungumzo na waombaji wapya kuanza. Waombaji hao ndio waliokuwa na samaki wengi. Norway ilipima gharama, ikapiga kura ya maoni 1972, ikakataa kujiunga. Serikali ya Heath ilikubali, na pwani za Scotland ndizo zilizolipa sehemu kubwa ya bei. Kura za hapana za Shetland na Visiwa vya Magharibi zilikuwa na mantiki ya wavuvi, na SNP ya siku hizo iliiona Brussels, makao ya Jumuiya, kuwa London nyingine, iliyo mbali zaidi.

Vyama vikubwa navyo vilikuwa katika nafasi ambazo leo zinaonekana kinyume. Wahafidhina ndio waliokuwa chama cha Ulaya. Kiongozi wao mpya, Margaret Thatcher, aliipigia debe kura ya ndiyo mwaka 1975 akiwa amevaa sweta lenye bendera za nchi wanachama. Labour ndiyo iliyogawanyika. Mrengo wake wa kushoto, ukiongozwa na Tony Benn, Michael Foot na Barbara Castle, uliiona Jumuiya kuwa klabu ya mabepari itakayoizuia serikali ya kijamaa kutaifisha na kupanga uchumi. Waziri mkuu wa Labour, Harold Wilson, hakuitisha kura ya maoni kwa kuwa wananchi walimdai. Aliiitisha ili chama chake kisivunjike, na akawaruhusu mawaziri wake kufanya kampeni wakipingana hadharani. Hapo ndipo kura ya maoni ilipoingia katika siasa za Uingereza kama dawa ya maradhi ya chama tawala. Dawa hiyo ilitumika tena miaka minne baadaye, safari hii kwa Scotland, na madhara yake yakaonekana.

Labour, ikihofia SNP, iliahidi baraza la kutunga sheria Edinburgh. Wabunge wake wengi hawakulitaka, nao wakaingiza sharti kwamba asilimia 40 ya watu wote walioandikishwa lazima waunge mkono. Machi 1, 1979, asilimia 51.6 ya waliopiga kura walisema ndiyo, lakini hao walikuwa takriban asilimia 33 tu ya walioandikishwa, na mpango ukafa. SNP kwa hasira ikawasilisha hoja ya kutokuwa na imani na serikali. Wahafidhina wakaidaka na kuleta ya kwao. Waziri mkuu James Callaghan aliwakejeli wabunge wa SNP kwamba ni bata mzinga wanaopigia kura Krismasi ije mapema. Usiku wa Machi 28 serikali yake iliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Katika uchaguzi wa Mei, Thatcher akaingia madarakani, na SNP ikaporomoka kutoka viti 11 hadi viwili. Labour haikusahau kosa hilo, na miaka ya themanini SNP iliishi chini ya shutuma kwamba ndiyo iliyomleta Thatcher.

Miaka kumi iliyofuata ndiyo iliyogeuza kila kitu. Viwanda vya chuma, migodi ya makaa na karakana za meli za Scotland zilifungwa, huku mapato ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini yakienda hazina ya London. Katika uchaguzi wa 1987 Wahafidhina walibaki na viti 10 kati ya 72 vya Scotland, lakini waliendelea kuitawala kwa wingi wao wa England. Mwaka 1989 wakaanzisha kodi ya kichwa huko, mwaka mmoja kabla ya kuipeleka England na Wales. Waskoti wengi walifikia hitimisho kwamba wanatawaliwa na chama walichokikataa, na kwamba kinga dhidi ya chama hicho haipo ndani ya Bunge la Westminster. Labour kwa ujumla nayo polepole ikaanza kuitafuta kinga hiyo Ulaya. Mwaka 1983 ilani yake iliahidi kuitoa nchi katika Jumuiya, na ikashindwa vibaya. Septemba 1988 Jacques Delors, rais wa Kamisheni ya Ulaya, aliwahutubia viongozi wa vyama vya wafanyakazi mjini Bournemouth, akawaahidi Ulaya yenye haki za kijamii, nao wakamshangilia. Siku kumi na mbili baadaye Thatcher akajibu kutoka Bruges, akionya dhidi ya dola kuu ya Ulaya inayorudisha kutoka Brussels yale aliyoyafuta nyumbani.

Mwaka huohuo wa 1988 SNP ilipitisha sera ya uhuru ndani ya Ulaya. Mjenzi mkuu wa hoja hiyo alikuwa Jim Sillars, aliyekuwa mbunge wa Labour na mpinzani wa Ulaya mwaka 1975, kabla ya kuhamia SNP. Novemba, miezi miwili tu baada ya hotuba ya Bruges, Sillars aliinyakua Govan, mtaa wa mafundi wa meli wa Glasgow, kutoka Labour. Winnie Ewing, ambaye tangu 1979 alikuwa mbunge wa kuchaguliwa wa Ulaya kwa jimbo la Nyanda za Juu na Visiwa, alikwisha kuonyesha kwamba Brussels ingeweza kuwasikia Waskoti hata London ikiziba masikio. Tukitazama kwa pamoja hotuba ya Bruges, sera mpya ya SNP na ushindi wa Govan, matukio matatu ya vuli moja, chanzo kinaonekana. Ulaya ilianza kupendwa na wapinzani wa Thatcher kwa kuwa Thatcher alianza kuichukia, na SNP ikaipenda kwa kuwa ilikuwa njia ya kumkwepa.

Sera hiyo ilitibu udhaifu mkubwa kuliko yote wa hoja ya uhuru. Kwa miaka mingi wapinzani wake walikuwa na swali moja lisilojibika: mtauza wapi? Zaidi ya nusu ya biashara ya Scotland ilikuwa na inaendelea kuwa na sehemu nyingine za Uingereza. Kujitenga kulimaanisha forodha na walinzi kwenye mpaka wa Gretna na Berwick. Soko la pamoja la Ulaya, lililokuwa likijengwa kukamilika 1992, lilifuta tishio hilo. Kama Scotland huru na Uingereza iliyobaki zote zingekuwa ndani, bidhaa na watu wangeendelea kupita kama jana. Kwa mara ya kwanza tangu 1707 Waskoti waliahidiwa kurudishiwa mamlaka bila kupoteza soko. Yote yalitegemea sharti moja ambalo hakuna aliyelijadili sana, kwa kuwa hakuna aliyedhani lingeweza kuvunjika: England nayo iwe ndani.

Wapo wanaoipinga sera hii kwa kusema ni unafiki. Vipi mtu atoke katika muungano mmoja kwa ajili ya mamlaka, kisha ayakabidhi kwa mwingine? Pingamizi hili lina uzito, na Sillars mwenyewe baadaye aliiacha Ulaya na kuunga mkono Brexit akibaki mtetezi wa uhuru. Lakini miungano haifanani. Katika Bunge la Westminster Scotland ilikuwa na viti 59 kati ya 650, na hakuna uamuzi ambao ingeweza kuuzuia peke yake. Katika Umoja wa Ulaya, Malta au Luxembourg ina waziri wake mezani na kura ya turufu katika mambo makuu. Mkataba wa Ulaya una kifungu cha 50 kinachomruhusu mwanachama kuondoka kwa hiari yake. Mkataba wa 1707 hauna kifungu cha namna hiyo, na ruhusa hutolewa na London. Mtu anaweza kuukubali muungano wa aina moja na kuukataa wa aina nyingine bila kujipinga.

Pingamizi la pili hutoka kwa wanahistoria wanaokumbusha kwamba uhusiano wa Scotland na bara la Ulaya ni mkongwe. Scotland ilifunga ahadi ya kijeshi na Ufaransa mwaka 1295. Wafanyabiashara wake walikuwa na kituo chao Veere katika Uholanzi. Wanasheria wake walisomea Leiden, na sheria ya Scotland hadi leo ina misingi ya Kirumi ambayo sheria ya England haina. Yote haya ni kweli, na yalitumika vizuri katika hotuba. Lakini kama urithi huo ndio ulioamua kura, ungekuwa na nguvu zaidi mwaka 1975 kuliko 2016, maana ulikuwepo wote. Historia ya kale iliwapa wanasiasa lugha ya kuipamba sera mpya. Haikuwapa sababu ya kuibuni.

Labour iliporudi madarakani 1997, ilitimiza ahadi ya bunge la Edinburgh, na asilimia 74.3 ya wapiga kura wa Scotland wakalikubali. Nia ya wengi ndani ya Labour ilikuwa kuizima SNP kwa kuwapa Waskoti nusu ya walichotaka. Badala yake SNP ilipata jukwaa. Iliunda serikali ya wachache 2007, na 2011 ikapata viti 69 kati ya 129 katika mfumo uliotarajiwa kukinyima chama chochote wingi. Oktoba 2012 waziri mkuu Mhafidhina David Cameron na kiongozi wa SNP Alex Salmond walitia saini makubaliano ya kura ya maoni ya uhuru. Cameron, wakati huohuo, alikuwa na moto mwingine nyumbani kwake. Oktoba 2011 wabunge 81 wa chama chake walimkaidi kwa kudai kura ya maoni kuhusu Ulaya, na chama cha UKIP, kilichotaka nchi itoke Ulaya, kilikuwa kikila kura zake. Januari 2013 akaahidi kura hiyo iwapo angeshinda uchaguzi ujao. Ndani ya miezi mitatu hivi mtu mmoja alikuwa ameyafungua maswali yote mawili, akitumaini kuyafunga yote kwa kizazi kizima.

Kura ya Scotland ya Septemba 18, 2014 iliwatoa watu asilimia 84.6 ya walioandikishwa, na asilimia 55.3 wakasema hapana. Ulaya ilikuwa silaha mkononi mwa upande wa muungano. José Manuel Barroso, rais wa Kamisheni, alisema Februari hiyo kwamba Scotland huru ingepata taabu kubwa mno kukubaliwa kuwa mwanachama, na serikali ya Uhispania, yenye hofu ya Catalonia nayo kujitenga, haikuficha mashaka yake. Watetezi wa muungano wakawaambia wapiga kura kwamba njia salama ya kubaki Ulaya ni kubaki Uingereza. Raia wa nchi nyingine za Ulaya wanaoishi Scotland walikuwa na haki ya kupiga kura, na hoja hiyo iliwagusa moja kwa moja. Miezi 21 baadaye, katika kura ya 2016 ambayo wengi wa raia hao hawakuruhusiwa kushiriki, hoja hiyo iligeuka kuwa deni.

Jinsi kura hiyo ya 2016 ilivyofika ni sehemu ya hadithi ambayo husimuliwa kwa nadra. Baada ya kushindwa 2014, wanachama walimiminika SNP, na Mei 2015 ikashinda viti 56 kati ya 59, huku Labour ikibaki na kimoja kutoka 41. Wahafidhina waliitumia picha hiyo England: mabango yao yalimwonyesha Ed Miliband, kiongozi wa Labour, akiwa mfukoni mwa Salmond. Cameron alipata wingi wa viti 12 ambao wachache waliutabiri, na bila mshirika wa kumzuia, ilimbidi atimize ahadi ya Ulaya. Hatuwezi kupima ni kura ngapi zilihamishwa na hofu hiyo, lakini kwamba Wahafidhina waliiweka katikati ya kampeni yao ni jambo la wazi. Swali la Scotland lilisaidia kulileta swali la Ulaya. Mwaka 2017 mkondo uligeuka: Theresa May, mrithi wa Cameron, alipopoteza wingi wake, viti 13 alivyopata Scotland, vingi kutoka kwa wapiga kura waliotaka kuizuia kura ya pili ya uhuru, vilikuwa miongoni mwa vilivyoiokoa serikali iliyosimamia Brexit.

Msomaji anaweza kusema kwamba vyama vilifuata wapiga kura tu, na kwamba asilimia 62 haibuniwi na makatibu wa vyama. Ni kweli kwamba hakuna chama kinachoweza kuumba imani kutoka hewani. Lakini tazama kilicho chini ya asilimia hiyo. Takriban theluthi moja ya waliopigia SNP kura 2015 walitaka kutoka Ulaya. Huko Moray, pwani ya wavuvi, upande wa kubaki ulishinda kwa kura 122 tu. Tofauti kubwa na England ilikuwa kwamba vyama vyote vikuu vya Scotland, pamoja na viongozi wa Wahafidhina wa huko, vilisimama upande mmoja, na hasira dhidi ya watawala, ambayo England ilielekezwa Brussels, Scotland ilikuwa tayari imepata pa kwenda. Mwenye manung'uniko Sunderland aliipigia kura Brexit. Mwenzake wa Dundee alikwisha kuupigia kura uhuru. Vyama ndivyo vilivyochimba mifereji ambamo maji hayo yalipita.

Baada ya 2016 SNP ilikuwa na lalamiko lisilo na kasoro. Ilani yake ya mwaka huo, iliyotangulia kura ya Juni, ilikuwa imetaja wazi kutolewa Ulaya bila ridhaa kuwa sababu ya kuuliza tena swali la uhuru. Mei 2018 Bunge la Edinburgh lilikataa muswada wa kujitoa kwa kura 93 dhidi ya 30, na London ikaupitisha hata hivyo, kwa kuwa Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua kwamba desturi ya kuomba ridhaa haina nguvu ya kisheria. Wahafidhina waliodai kwamba taifa haliwezi kufungwa na muungano lisilotaka kubaki ndani yake waliikatalia Scotland kutumia hoja ileile. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Novemba 2022 Mahakama hiyo ikaamua kwamba Edinburgh haina mamlaka ya kuitisha kura ya maoni ya uhuru bila idhini ya Westminster.

Hata hivyo, kulalamika kwa haki hakutoshi kushinda. Uingereza ilipotoka Januari 31, 2020, sharti lililobeba mpango wa 1988 lilivunjika. Scotland huru ndani ya Ulaya sasa ingekuwa na mpaka wa nje wa Umoja huo, wa takriban kilomita 150, dhidi ya mteja wake mkubwa kuliko wote. Mabishano marefu kuhusu mpaka wa Ireland ya Kaskazini yamemwonyesha kila Mskoti mpaka wa namna hiyo una maana gani kwa lori la nyama au samaki. Sarafu nayo ni mtihani: SNP iliwahi kuielekea euro, mwaka 2014 ikataka kubaki na pauni, na sasa inazungumzia sarafu mpya baada ya kipindi cha mpito. Waraka wa serikali ya Scotland chini ya Nicola Sturgeon wa Oktoba 2022 ulikiri kwamba kutakuwa na ukaguzi mpakani, lakini kukiri jambo katika waraka na kulitetea katika kampeni ni kazi mbili tofauti. Uchaguzi wa Julai 2024 ukaibakiza SNP na viti 9, ingawa tafiti za maoni ziliendelea kuonyesha karibu nusu ya Waskoti wakiutaka uhuru. Wapiga kura walikuwa wamechoshwa na chama kabla ya kuiacha hoja yake.

Serikali ya Labour iliyoingia mwaka huo iliyakataa maswali yote mawili kwa mpigo: hakuna kurudi katika soko la pamoja wala umoja wa forodha, na hakuna kura ya pili ya uhuru. Ukimya huo unaweza kukisaidia chama kupita uchaguzi mmoja au miwili, kama kura ya maoni ilivyomsaidia Wilson 1975 na kama Cameron alivyotumaini. Rekodi ya nusu karne inaonyesha kwamba kila chama kilichotumia swali moja kujikinga na jingine kiliyaimarisha yote mawili. Watetezi wa muungano bado hawajaeleza ni kwa njia gani ya kisheria nchi iliyoingia kwa hiari mwaka 1707 inaweza kuonyesha kwamba hiari hiyo imekwisha. Watetezi wa uhuru nao hawawezi tena kuahidi mamlaka na soko kwa pamoja, kama walivyoweza kuahidi kwa miaka 32 kati ya 1988 na 2020. Waliofanya mapatano ya 1707 walijua wanatoa nini na wanapokea nini. Kampeni ijayo ya Scotland, ikiwa itakuwepo, itastahili kusikilizwa pale tu kila upande utakapotaja bei yake waziwazi namna hiyo.